Mwaka Nilipoulizwa Nimelea Wangapi

Tulipomzika mama pale Ihanda, mdogo wangu Selestini ndiye aliyepewa karatasi ya historia fupi ya marehemu. Alisimama kando ya kaburi, miwani puani, akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma masomo kanisani: marehemu alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto wanane. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki. Miguu yangu siku hizi hainitii haraka, lakini siku ile ilinitii. Nilisimama nikasema, "Kumi. Soma kumi." Padre aliinua macho. Selestini akashusha karatasi, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "Dada, wale wengine walikuwa wachanga tu." Nikamwambia, "Mmoja aliitwa Tomasi, alikuwa anatambaa. Mwingine aliishi siku tisa, na siku tisa ni maisha. Soma kumi." Akasoma kumi. Watu wakatazamana, nami nikakaa.

Jioni, wakati wanawake wanamenya ndizi uani, mjukuu wa mdogo wangu, Jovitha, alivuta kigoda akakaa karibu nami. Ni mwalimu, ana miaka ishirini na saba, na kila likizo mama yake humuuliza ataleta mwanaume lini. Yeye ni kifungua mimba kama mimi. Baba yao alipoondoka, ndiye aliyewaogesha wadogo zake watano kabla ya kwenda shule. Aliniuliza bila kunitazama, kisu kikiendelea na kazi: "Bibi, wanasema ulimfukuza mchumba kwa sababu hukutaka kuzaa. Ni kweli?" Nikamuuliza nani anasema. Akasema, "Wote." Nikamwambia basi ni kweli, ila hao wote hawajui nilichokuwa nakikataa. Nilimsimulia mpaka ndizi zikaisha. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia, na mengine ambayo sikuyasema kwa sababu mama yake alikuwa karibu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha zamani kidogo, na wanaume waliorudi kutoka huko walikuwa bado wanavaa makoti yao mazito hata wakati wa jua. Baba alikuwa amekubali pombe ya posa ya watu wa Kaisho, na katika desturi zetu pombe ikishanyweka msichana huondoka machoni pa wazazi akaenda kwa shangazi yake, dada wa baba, afundishwe. Baba alikuwa na dada mmoja tu, shangazi Anjelina wa Ndama, na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho ambacho hakuna aliyethubutu kukicheka. Shangazi Anjelina alikuwa amekaa kwa mume miaka mitano bila kushika mimba, kisha akarudishwa kwao na jembe lake na kifurushi cha nguo. Sasa yeye ndiye aliyetakiwa kunifundisha kuwa mke na mama. Watu waliona haya kulisema mbele yake, lakini kule jikoni kwetu niliwasikia wakilisema vizuri tu. "Atamfundisha nini?" aliuliza mmoja. Mama yangu akajibu, "Kupika. Kulea anakujua tayari."

Nyumba ya shangazi ilikuwa msonge, paa lake la nyasi likishuka hadi karibu na ardhi, na ndani ilikuwa na giza la kahawia lenye harufu ya moshi na samli. Chini palitandikwa nyasi, na kila Jumamosi tulizitoa za zamani tukatandika mbichi, nyumba nzima ikanukia kama shamba baada ya mvua. Chumba changu kilitengwa na cha moto kwa ukuta wa matete yaliyosukwa, na ukuta wa namna hiyo huzuia macho lakini hauzuii neno hata moja. Asubuhi shangazi alinipa maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, akasimama juu yangu mpaka nimalize. Mchana alinipaka samli mikononi na miguuni, akanikataza kutoka juani. Alinifundisha kusuka mkeka wenye maua, kupika matoke yasiwe maji, kupiga magoti mbele ya wakwe bila kuinua macho. Alifundisha kwa maneno machache, kama mtu anayesoma barua isiyomhusu. Yale mengine, ya mimba na ya kuzaa, aliyapita kama mtu anavyopita nyumba ya jirani aliyegombana naye, na mimi nilimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Waliosema ya kuzaa walikuwa wanawake waliokuja alasiri kusuka pamoja nasi. Niliyempenda zaidi alikuwa Paskazia, mke kijana wa jirani, ambaye hakunizidi hata miaka mitano na tayari alikuwa na mtoto wa tatu tumboni. Alikuwa akicheka hata akisimulia uchungu. Siku moja nilimuuliza kama hachoki. Aliweka mkeka chini. "Wewe mlikuwa wangapi kwenu?" Nikamwambia wengi. "Mimi nilikuwa peke yangu," akasema. "Nililelewa na bibi, naye alikuwa kiziwi. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naongea na kuku. Niliapa siku nikiwa na nyumba yangu, mtu asisikie sauti yake mwenyewe humo ndani." Nilimtazama nikaona hasemi kwa kujionyesha. Kimya cha utoto wake ndicho kilichomfanya atake watoto, kama vile njaa humfanya mtu atake chakula. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilishiba hadi kutapika nikiwa na miaka minane. Niliinamia mkeka wangu nikakosea ua zima, shangazi akanifumulisha.

Nilipata mbeleko yangu ya kwanza kabla sijang'oka meno ya utoto. Mama alizaa kila baada ya miaka miwili, na kila aliyezaliwa, mara tu shingo yake ilipokaza, alifungwa mgongoni kwangu ili mama arudi shambani. Shule ya katekisimu niliisikia kwa mbali, sauti za wenzangu zikikariri amri za Mungu, nami nikiwa chini ya mgomba natikisa mtoto. Wa pili kumlea alikuwa Tomasi. Alikuwa mzito, mwenye mapaja ya mikunjo, na alikuwa na tabia ya kunishika sikio wakati wa kusinzia. Ulikuwa msimu wa kahawa. Asubuhi ile aliamka akiwa wa moto. Mama alimfunga mgongoni kwangu mwenyewe, akakaza mafundo mawili kifuani, akaniambia, "Usimfungue mpaka nirudi. Ukimfungua atalia, na akilia hutaweza kumnyamazisha." Nikatii. Alilia kidogo, kisha akanishika sikio, kisha mkono ukaachia. Nilifurahi kwamba amelala. Nilimenya ndizi za mchana nikiwa naye mgongoni. Nilicheza kuruka kamba na binti wa jirani, polepole, nisimwamshe. Jua lilipokuwa juu kabisa mama alirudi na kikapu kichwani, akalegeza mafundo, akampokea mikononi, akamtazama. Kisha akanitazama mimi. "Umemfanya nini mtoto wangu?"

Hakunipiga. Hakuna aliyenipiga. Labda wangenipiga ningejua makosa yangu ni makubwa kiasi gani na yanaishia wapi. Msibani wanawake walikaa kwenye nyasi na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta wetu pia ulikuwa wa matete. "Aliruka naye kamba," mmoja alisema. "Watoto wa siku hizi." Mwingine akasema niachwe, mimi ni mtoto. Mama alikuwapo, na mama hakusema kitu. Mwaka uliofuata alizaa tena, na shingo ya mtoto ilipokaza, wakaniita. Nilikuja, nikainama, nikafungwa. Hakuna aliyefikiri kwamba mgongo ule ungeweza kukataa. Usiku nilikuwa nikiamka kusikiliza kama yule mpya anapumua, na hivyo ndivyo nilivyofika miaka kumi na saba: nikihesabu pumzi za watu wengine. Kwa hiyo wazazi waliponiambia kuna kijana wa Kaisho, ana mashamba mazuri ya kahawa, si mlevi, sikumwona kijana. Niliona mbeleko.

Kijana mwenyewe aliitwa Kaspari, na sitamsema vibaya. Nilimwona mara mbili tu mwaka ule. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye kusikiliza watu wakisema. Aliyekuja Ndama katikati ya masika hakuwa yeye, alikuwa mama yake, Ma Katarina, ambaye alitembea njia yote ile kwenye matope ili anione kwa macho yake. Shangazi alitandika nyasi mbichi, akatoa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani cha ukindu, akapika matoke kwa maharage na samli. Nilipiga magoti nikaamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Simama nikuone." Nikasimama. Akanizungusha kwa mkono mmoja begani, taratibu, bila ukali, kama mtu anayenunua ng'ombe aliyekwisha kumpenda. Paskazia na wanawake wengine wawili walikuwepo, na wote walikuwa wakitabasamu. "Nyonga anazo," alisema Ma Katarina. "Kwetu nyumba ni kubwa, na Mungu alinipa huyo mmoja tu. Tunataka mtu wa kutujazia." Kisha akaniuliza mimi mwenyewe, jambo ambalo hakulazimika kulifanya, na naamini aliliuliza kwa wema: "Kwenu umelea wangapi?"

"Watano," nikasema, kwani baada ya Tomasi nilikuwa nimelea wengine watatu.

"Ah! Basi umeshajifunza."

"Nimejifunza, mama," nikasema. "Ndiyo maana sitaki."

Hata leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilikuwa bado natazama chini kama nilivyofundishwa. Nilisikia kisahani cha kahawa kikiwekwa chini. Paskazia aliacha kusuka. Ma Katarina akauliza, "Hutaki nini? Hutaki mwanangu?" Nikasema mwanawe sina neno naye, nisichotaka ni watoto. Shangazi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya ukuta wa matete, akanikalisha kwenye kitanda, akarudi. Nikasikia kila kitu. Ma Katarina alisema msichana amerogwa, na kwamba kuna dawa. Mwanamke mwingine akasema, kwa sauti ambayo ilikusudiwa isikike, kwamba msichana akilazwa nyumba ya mgumba hupata ugumba wa moyo. Kisha sauti ya shangazi, ambayo haikupanda wala kushuka: "Amechoka tu. Kuleni, chakula kinapoa."

Shangazi hakunisemesha siku nne. Alinipa maziwa, akasimama juu yangu, akachukua kibuyu. Tulikula kwenye sahani moja ya mti bila mikono yetu kugusana. Mvua ilinyesha siku zote hizo, ikipiga majani ya migomba nje, na ndani hapakuwa na sauti nyingine. Siku ya tano, mchana, akiwa anachambua maharage, alisema bila kuinua kichwa: "Miaka mitano nilikunywa mizizi. Nilipelekwa kwa waganga mpaka nikajua njia zao zote. Mama mkwe wangu alikuwa akinipimia chakula kama mbwa asiyebweka. Wewe unapewa kile nilichokosa, unakitema mbele ya wageni, nyumbani kwangu." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye maharage, naye alikuwa akiendelea kuchambua. Nilitaka kuomba radhi. Badala yake nikamweleza habari za Tomasi. Nilimweleza joto la mgongo, na sikio, na kamba, na jinsi nilivyofurahi kwamba amelala. Sikuwahi kumweleza mtu. Nilipofika kwenye swali la mama, nikalitaja neno kwa neno.

Shangazi aliweka ungo chini. "Siku ile nilikuwepo," akasema.

Nikamwambia hapana, hakuwepo.

"Asubuhi. Nilipita kuwasalimu, wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Nilimshika yule mtoto, alikuwa anawaka. Nikamwambia mama yako, mpeleke misheni, kuna dawa. Akasema, baba yao ameshasema: mnunuzi anakuja kesho, kahawa kwanza, homa ya mtoto hupita. Nikamwangalia kaka yangu, alikuwa anafunga magunia. Sikusema neno la pili." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na mimi ningeweza kumbeba. Mikono ilikuwa mitupu. Misheni ilikuwa safari ya saa tatu tu. Lakini nilikuwa nimerudishwa mwaka ule ule. Nilijiambia, mgumba akimbeba mtoto wa watu, akamfia njiani, watasema nini? Watasema amemla. Basi nikaaga nikaondoka. Tulikuwa watu wazima watatu, tukakuachia wewe."

Watu husema kwamba maneno ya namna hiyo hukutua mzigo. Mimi hayakunitua kitu. Nilipata hasira, hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo, kubwa kuliko nyumba ile, na nilimkasirikia hata yeye. Nilitoka nje kwenye mvua na samli yangu yote mwilini, nikasimama kwenye migomba mpaka nikaloa. Miaka tisa! Miaka tisa nilikuwa nikipita karibu na mtoto kama mtu anavyopita karibu na moto, nikiamini mkono wangu unaua, na wote watatu walijua. Shangazi alinifuata nje. Hakunifunika, hakuniambia niingie. Alisimama naye akaloa. Mwishowe akaniuliza, "Sasa unataka nini?" Katika miaka yangu yote kumi na saba hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la aina yake. Nikasema, "Nataka niulizwe."

Baada ya Pasaka watu wa Kaisho walikuja Ihanda kupanga siku ya ndoa. Ma Katarina alikuwa amekaa kimya juu ya mambo ya Ndama. Nadhani aliona haya kwa niaba yetu, au alikuwa bado anaamini dawa. Sebule ilijaa wanaume waliokaa kwenye nyasi mbichi, Kaspari akiwa miongoni mwao, vibuyu vya lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, vikiwa katikati, mirija ikipita mkono kwa mkono. Mimi na shangazi tulikaa karibu na mlango wa ndani, nimefunikwa kitambaa kichwani. Mama alikuwa jikoni na mimba yake changa. Baba alikuwa na furaha. Alisema kwa mafumbo mazuri, wageni wakajibu kwa mafumbo, ikafika mahali ambapo shangazi huulizwa kwa niaba ya binti. Baba akasema, "Dada, uliyepewa kazi, kazi imekwisha? Binti yuko tayari?" Jibu lilikuwa neno moja, na kila mtu alikuwa ameshalisikia kichwani mwake. Shangazi akasema, "Muulizeni mwenyewe."

Watu walicheka, wakidhani ni fumbo. Baba naye akacheka, akanigeukia. "Haya, binti. Uko tayari?"

Niliondoa kitambaa kichwani. "Siko tayari, baba," nikasema. "Mimi nililea nikiwa mtoto. Tomasi alikufa mgongoni kwangu, na mkaniachia niamini nimemuua. Wewe ulijua ana homa. Mama alijua. Mlisema kahawa kwanza. Sitazaa mtoto wa kumfunga mgongoni kwa mtoto mwingine. Kama kuolewa ndiyo hivyo, siolewi."

Baba alisimama, mrija ukaanguka. "Nani amekufundisha maneno haya?" aliuliza, lakini alikuwa akimtazama dada yake. Shangazi Anjelina, aliyekaa miaka yote ile pembeni ya kila sherehe ya ukoo, akajibu, "Nyumba hii, kaka. Mimi nimemfundisha kupika tu." Mzee mmoja wa Kaisho akasema nipigwe. Mwingine akasema waondoke. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Nilimtazama, nikangoja aseme uongo au aseme kweli, chochote. Aligeuka akarudi kwenye moto. Aliyesema alikuwa Kaspari. Alipiga magoti mbele ya baba yangu, akasema kwa adabu kwamba yeye alitaka mke wa kufurahi naye, na kwamba mtu asiyetaka asilazimishwe, kwani nyumba yao haikuwa jela. Kisha wakaondoka, na vibuyu vyao vilivyobaki wakaviacha. Miaka mingi baadaye nilisikia ameoa na amepata watoto saba, na Ma Katarina alikufa akiwa katikati yao. Nilifurahi kwa moyo wote.

Baba aliniambia nisilale pale. Nilirudi Ndama siku ile ile na shangazi, jua likiwa bado juu, tukipita mbele ya nyumba za watu waliokuwa wameshasikia. Wengine walitoka kutuona. Mmoja alitema mate. Shangazi alikuwa akisalimia kila mmoja kwa jina, kwa sauti kubwa, kama mtu anayetoka kwenye harusi nzuri. Kwa wiki kadhaa hakuna mwanamke aliyekuja kusuka kwetu, isipokuwa Paskazia, ambaye alifika na tumbo lake kubwa, akaketi, akasema, "Wewe una wazimu. Nipe ukindu." Hakuwahi kunielewa na hakuacha kuja. Mwezi uliofuata nilikwenda misheni kuomba kazi ya kufua vitambaa kwenye zahanati ya masista. Sista aliniuliza kwa nini nataka kufanya kazi na wagonjwa. Nikasema nataka kujua homa ya mtoto inapimwaje. Alinitazama kidogo, akanionyesha pa kuweka viatu, nami sikuwa na viatu.

Nilifua. Nilichemsha sindano. Nilijifunza kumshika mtoto anayewaka, kumvua nguo zote alizozungushiwa, kumpangusa kwa maji ya uvuguvugu, kumnywesha kijiko baada ya kijiko. Mara ya kwanza nilimwaga maji hadi sista akaniambia nikae. Mara ya kumi sikumwaga tone. Niligundua jambo ambalo lilinishangaza: sikuwachukia watoto. Nilikuwa nimechukia kuachiwa. Hayo ni mambo mawili, na kwetu yalikuwa yamefungwa pamoja kwa mafundo mawili kifuani mwangu tangu nikiwa mdogo, hata nikadhani ni kitu kimoja.

Kahawa ilipokuwa imeiva sana, mwezi wa nane kama sikosei, nilikuwa natoka kuanika vitambaa nikamwona mama akipanda njia ya misheni. Mimba ilikuwa imekua, alikuwa akitembea kwa kuyumba, na mgongoni alikuwa amembeba yule mdogo wetu aliyekuwa kitinda mimba kwa wakati ule, Salome. Alikuwa peke yake. Hapakuwa na binti wa kumsaidia. Alikuwa ametembea saa zote zile chini ya jua. Aliponifikia hakunisalimu. Aligeuza mgongo kwangu, akainama, nami nikalegeza mafundo na kumpokea mtoto. Alikuwa wa moto, lakini alikuwa analia, na kilio kile kilikuwa kizuri masikioni mwangu kuliko kengele ya kanisa. "Tangu lini?" nikauliza. "Tangu alfajiri," mama akasema. "Baba yako alisema maneno. Nimemwacha akisema. Kahawa nimeiacha mtini."

Nilimshughulikia Salome, sista akampa dawa, jioni homa ikashuka. Salome ni mzima mpaka leo, yuko Bukoba, ana duka na sauti kubwa. Nilimletea mama uji, akaunywa ameegemea ukuta wa zahanati, miguu imenyooshwa mbele, imevimba. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minne au mitano. Nilimtazama nikaona ni mwanamke mdogo. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa watoto mgongoni kabla hajang'oka meno, kisha akaolewa, akaanza kuwazaa. Alimaliza uji, akageuza bakuli mikononi. "Lile swali nililokuuliza siku ile," akasema, "sikupaswa kukuuliza wewe." Sikumwambia yamekwisha, kwa sababu yalikuwa hayajaisha. Nilichukua bakuli, nikamwongezea uji.

Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyokwenda. Baba alinisalimu tena baada ya miaka mitatu. Shangazi Anjelina alikuja kuishi nami misheni uzeeni, na alikufa kitandani mwangu, akiwa ameshiba, na sikuruhusu mtu yeyote amwite mgumba msibani kwake. Mimi niliolewa nikiwa na miaka thelathini, na fundi seremala wa pale pale, mjane wa kiume asiye na haraka, ambaye nilimwambia kila kitu kabla hajatuma mtu kwetu. Aliniuliza nataka nini. Miaka miwili baadaye, mimi mwenyewe nikiwa nimeamua, asubuhi moja ya kawaida, bila mtu kunisukuma, tulikubaliana tupate mtoto, tukapata binti. Wakasema mtoto mmoja ni kama jicho la mwenye chongo. Wakasema niongeze wa kiume. Mama mkwe alilia, katekista alikuja na maneno yake. Niliwapikia wote, wakala, wakaenda.

Binti yetu alipokaza shingo, waliniletea msichana wa miaka minane kutoka kwa ndugu, mwenye mbeleko iliyokunjwa vizuri mkononi, aje anisaidie. Nilimlisha, nikampa daftari, nikamrudisha kwao na barua kwamba aanze shule. Binti yangu nilimbeba mwenyewe, kisimani, sokoni, zahanati, kanisani, mpaka siku aliyoteremka mwenyewe akakataa kubebwa.